Saratani ya matiti kwa mjamzito: si lazima mimba itolewe

"Toa mimba kwanza, au subiri ujifungue ndipo utibiwe." Kauli zote mbili zinapotosha. Kutoa mimba hakujaonekana kurefusha maisha ya mama, na kusubiri kunaipa saratani nafasi ya kusambaa. Upasuaji wa titi unaweza kufanyika mimba ikiwa na umri wowote. Kemotherapia (dawa kali za kuua seli za saratani) huepukwa miezi 3 ya mwanzo, viungo vya mtoto vinapoumbika. Baadaye baadhi ya dawa hutolewa, kisha husimamishwa wiki 3 hivi kabla ya kujifungua. Tiba ya mionzi kwa kawaida hungoja mtoto azaliwe, vivyo hivyo dawa nyingine za saratani, tamoksifeni na trastuzumabu; hii ya pili inaweza kupunguza maji yanayomzunguka mtoto tumboni. Kinachoniudhi zaidi ni uvimbe kupuuzwa eti "ni maziwa tu", ilhali unaweza kupimwa kwa ultrasaundi ya titi, ambayo haina mionzi hata kidogo.