Kusaini Mahudhurio Si Kuuza Kiwanja

"Mwanangu, kusikiliza nitasikiliza, lakini jina langu kwenye karatasi yako haliingii."

Kauli hii naisikia kila sisi wataalamu wa mipango miji tunapoitisha warsha ya mipango ya mtaa hapa Tanga, iwe Makorora, iwe Mabawa, iwe pembezoni kule Pongwe. Mtu anakuja, anakaa kiti cha nyuma, anatoa hoja yenye akili kuliko zote zilizosemwa siku hiyo. Daftari la mahudhurio likimfikia, analisukuma kwa jirani kama linaunguza. Wengine husaini kwa jina la babu yao aliyekwisha fariki, na mimi najua amefariki kwa sababu nilikuwepo mazikoni. Nimechoka kulieleza hili kwa mtu mmoja mmoja.

Dhana yenyewe ni kwamba ukisaini mahudhurio umekubali kuhamishwa, au umeuza kabisa.

Itazameni karatasi. Ina jina, unakoishi, namba ya simu na sahihi. Haina kipimo cha kiwanja, haina bei, haina mnunuzi. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuziana ardhi uwe wa maandishi, na nyumba ya familia haiuzwi hivi hivi bila ridhaa ya mwenza. Karatasi isiyotaja hata shamba wala kibanda haiwi mkataba, hata ukiisaini mara kumi. Na Serikali ikilitaka eneo lako kwa manufaa ya umma, haipitii kwenye daftari letu. Inapitia Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967. Unapewa taarifa ya maandishi, anakuja mthamini, mali yako inahesabiwa ukiwepo, na jedwali la fidia linakwenda kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Humo mna thamani ya ardhi, nyumba na mazao, mna posho ya usumbufu, ya makazi na ya usafiri. Mwenye ndugu Chongoleani, kule lilikopangwa kuishia bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, amuulize kama kuna aliyehesabiwa fidia kwa daftari la mahudhurio.

Sasa daftari lile lina kazi gani? Rasimu ya mchoro, yaani ramani ya mpango wa mtaa, ikitoka mtaani inakwenda Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri, kisha inapelekwa kuidhinishwa. Haiendi peke yake, inafuatana na muhtasari wa mikutano na orodha ya waliohudhuria. Orodha ikiwa na majina kumi na mawili kwa mtaa wenye mamia ya kaya, mambo mawili hutokea. Ama mchoro unarudishwa, mnaanza upya. Ama unapita, na baadaye mtu anasimama kusema wananchi waliitwa, wakaja wachache, wala hawakuwa na pingamizi. Hilo la pili ndilo linaloniumiza roho.

Kuna mtaa mmoja, siutaji, ambako kichochoro cha watoto kwenda shule kilichorwa ndani ya kiwanja cha mtu. Mama mmoja aliliona kabla yetu sote. Akasimama, akalisema vizuri sana, akagoma kutaja jina, akagoma kusaini. Katibu akaandika "mjumbe mmoja aligusia suala la njia". Ukuta ulipoanza kupanda na watu wakaja juu, tulifungua muhtasari kutafuta pingamizi. Mjumbe mmoja nani? Wa kaya ipi? Njia ipi? Hoja ilikuwa ya kweli, ila haikuwa na mwenyewe. Angeandika jina, leo lingekuwa silaha yake.

Hofu hii haikuzuka hewani, nakubali. Wapo waliochangishwa fedha za urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyokwisha jengwa bila mpango, na kampuni zikapotea na fedha zao, na wapo waliosainishwa karatasi tupu, kichwa cha habari kikaandikwa baadaye. Dawa ya hilo si kugoma kusaini. Soma kichwa cha karatasi kabla ya kuishika kalamu. Kama hakuna tarehe, mahali na ajenda, dai viandikwe mbele yako. Ukimaliza, mistari iliyobaki wazi ipigwe mstari. Kisha toa simu, piga picha ukurasa wote. Mtaalamu anayekukatalia kupiga picha orodha ya mkutano wako mwenyewe, huyo mtilie shaka, hata kama ni mimi. Na ukipinga jambo, mwambie katibu aandike jina lako na hoja yako, halafu akusomee alichoandika. Hili la kusomewa nalipigia kelele mpaka wenzangu wananicheka.

Dhana ya pili kwa kunikera ni ile ya "ramani imeshachorwa, hapa tunaitwa kuhalalisha". Mara nyingine ni kweli, sitawadanganya. Lakini karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani si ushahidi wa hilo. Tunakuja na rasimu kwa sababu hamuwezi kujadili hewa. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inaitaka mamlaka ya upangaji iwasikilize wenye ardhi na wadau kabla ya kukamilisha mpango, na ibara ya 21 ya Katiba inampa kila raia haki ya kushiriki katika maamuzi yanayomhusu. Kwa hiyo badala ya kunung'unika nyuma ya mwembe, uliza swali moja mkutano unapofunguliwa: kipi kwenye ramani hii bado kinabadilika, na kipi hakibadiliki?

Maana vipo visivyobadilika. Mita 60 kutoka ufukweni zinalindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na hazijadiliwi kwa kunyoosha mikono. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, wala mwenyekiti wa mtaa hawezi kuipunguza kwa kuwa shemeji yake ana fremu za duka pale. Vinavyobadilika ni vingi zaidi: barabara ya ndani ipite kwa nani, mtaro uelekee wapi, eneo la wazi libaki wapi, soko na zahanati vikae upande gani. Mwenye kufika mapema, rasimu ikiwa ya penseli, anahamisha mtaro. Anayesubiri mpaka bikoni, zile alama za mipaka ya viwanja, ziwe chini anabaki kuzing'oa usiku, na bikoni iking'olewa ni kesi.

Hapo hapo niwajibu wale wa upande wa pili, wanaodhani kila linalosemwa warshani lazima litekelezwe. Hapana. Warsha si kura. Unachostahili kudai ni sababu: hoja yangu ilikataliwa kwa nini, na imeandikwa wapi.

Wazee wa vijiweni wana yao. "Mkoloni alipanga Ngamiani yetu hapa mjini bila kumuuliza mtu, na tazama barabara zake zilivyonyooka, zina namba kabisa. Nyinyi mnaulizana mwaka wa tatu huu." Inachekesha, na barabara kweli zimenyooka. Ila mkoloni alipanga mji kwa kugawa watu kwa rangi, Mzungu upepo wa bahari, Mhindi karibu na bandari na biashara, Mwafrika huko nyuma, na aliyekataa alijua atakachofanyiwa. Kisha kupanga ardhi kabla haijajaa nyumba ni kazi nyepesi. Sisi tunapanga watu wakiwa tayari ndani, na kisima kimechimbwa, na bibi amezikwa uani. Huyo huwezi kumnyoosha kwa rula.

Nikiwa hapo kwenye makaburi: wapo vijana wanaosema siku hizi kuna droni, warsha za nini? Droni inaona mabati. Haijui kwamba kile kichaka ni makaburi ya ukoo, wala kwamba kijia kile hutumiwa na wavuvi alfajiri, wala kwamba uwanja unaoonekana mkavu huwa bwawa masika ikikolea. Kabla ya kukaa kwenye viti tuutembee mtaa kwa miguu pamoja na wenyeji. Warsha isiyoanza kwa matembezi mimi siihesabu.

"Tukipangwa tutabomolewa." Urasimishaji umewekwa ili kuepuka ubomoaji, si kuuleta. Barabara hufuata mapito yaliyopo, na upana hubanwa kuliko kwenye viwanja vipya. Utaombwa kipande cha uzio au pembe ya uwanja, na katika urasimishaji kipande hicho kwa kawaida hakilipwi, mnachangiana ninyi kwa ninyi. Afadhali ulijue hilo mapema kuliko kushangaa baadaye. Lakini gari la zimamoto likishindwa kuingia, utakuwa umeokoa uzio ukapoteza nyumba.

"Mimi mpangaji tu." Mkutano wa mtaa ni wa wakazi waliotimiza miaka 18, si wa wenye hati. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi Dar es Salaam, wewe ndiye unayeruka maji machafu kila asubuhi. Njoo.

"Mume wangu atakwenda." Sheria ya Ardhi inampa mwanamke haki ya ardhi sawasawa na mwanaume. Isitoshe, mume hajui foleni ya maji inaanza saa ngapi. Ila kosa hapa si la akina mama peke yao. Ni la sisi tunaoitisha kikao saa nne asubuhi, mama lishe yuko jikoni na mvuvi yuko soko la samaki la Deep Sea anauza. Itisheni baada ya alasiri, tena isiwe Ijumaa.

"Mwenyekiti ameshatusemea." Mwenyekiti anaongoza mkutano, hawi badala yake. Kukubali kwake peke yake barazani kwake si kukubali kwa mtaa.

La mwisho ni jipya, nalo linakua: "Nimeshatoa maoni kwenye grupu la WhatsApp la mtaa." Grupu ni zuri kwa kuitana. Lakini ujumbe wako, pamoja na zile nyuso zote za hasira ulizobandika, hauingii kwenye jalada la mchoro. Kama ulishindwa kufika, andika barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi wa jiji, nakala kwa mtendaji wa mtaa. Taja jina la mtaa na tarehe ya warsha, eleza eneo lako liko jirani na nani, na unapinga nini hasa. Peleka nakala mbili. Moja inabaki masijala, ya pili dai igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.