Je, wajua kwa nini mfumuko wa bei hushuka lakini bei zenyewe hazishuki?

Oktoba 2022, mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2024, ulikuwa asilimia 2.7 tu. Mbona basi wateja dukani hawakuiona nafuu hiyo?

Ni kwa sababu takwimu hiyo haipimi ughali. Inapima kasi ya bei kupanda tangu mwezi kama huo mwaka uliotangulia. Chukua kapu la bidhaa lililogharimu shilingi 100 Oktoba 2021. Mwaka uliofuata likawa karibu 110. Oktoba 2023, kwa mfumuko wa asilimia 6.9, likafika 117. Ongeza ile 2.7 ya 2024, unapata 120. Ili lirudi 100, mfumuko ungepaswa kuwa chini ya sifuri, na hilo Benki Kuu yenyewe haiombi. Inalenga asilimia 5, ikivumilia 2.5 juu au chini.

Bei zilipaa kwa nini? Kwanza mvua. Misimu mitano mfululizo ilifeli katika maeneo makavu, na vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vikapandisha ngano, mafuta na mbolea kwa mpigo. Pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilivuka shilingi 200. Serikali ikatia ruzuku ili iuzwe 100, wiki chache kabla ya uchaguzi (ndiyo, wiki chache kabla ya uchaguzi), ila unga huo ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi.

Chakula kikaja kutulia, lakini shilingi ikadhoofika hadi dola moja ikauzwa takriban 160, Januari 2024. Kabla ya hapo, Julai 2023, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kufikia Septemba lita ya petroli Nairobi ilikuwa imepita 200. Hata asiye na gari aliilipia: nyanya za Loitokitok hufika sokoni kwa lori.

Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake, ile inayoongoza gharama ya mikopo nchini, hadi asilimia 13. Riba hainyeshi mvua, lakini ilisaidia shilingi, ambayo ilirudi karibu 130 kwa dola. Mvua nazo zilikuwa zimerejea, na mbolea ya ruzuku ikawafikia wakulima kwa shilingi 2,500 mfuko. Hapo unga ulishuka kwelikweli. Nauli ndizo ngumu: mafuta yakipanda, kondakta hutangaza bei mpya asubuhi hiyohiyo, yakishuka, hana habari.

Tena kapu linalotumika kupima ni la wastani wa nchi, ambamo chakula huchukua takriban theluthi moja. Familia inayomaliza nusu ya kipato chake kwa unga, sukuma na mafuta ya kupikia ina mfumuko wake yenyewe, usiotangazwa popote.