Nguruwe Jike Asiyeshika Mimba: Maswali na Majibu Kuhusu Kasoro za Via vya Uzazi

Nguruwe wangu ana umri wa miezi tisa, amepandishwa mara tatu na hajashika mimba. Tatizo ni lake au ni la dume?

Anza na kumbukumbu za tarehe. Nguruwe jike huingia kwenye joto (kipindi cha kumtaka dume) kila baada ya siku 21 hivi, yaani kati ya siku 18 na 24, na joto hilo hudumu siku mbili au tatu. Anayerudi kwenye joto kwa mpangilio huo hakushika mimba, na sababu ya kawaida ni kupandishwa mapema mno au kwa kuchelewa, au dume kuwa dhaifu. Kuhusu dume, ulizia majike wengine aliowapanda katika kipindi hicho: ikiwa wenzake wamebeba mimba na wako peke yake ndiye amerudi mara tatu mfululizo, ilhali ana afya na joto lake linaonekana waziwazi, kuna sababu nzuri ya kushuku kasoro iliyo ndani ya mwili wake.

Kasoro hizo za ndani zikoje?

Mji wa mimba wa nguruwe una pembe mbili ndefu zilizojikunjakunja kama utumbo, na kwa nguruwe aliyekwisha kuzaa kila pembe inaweza kupita mita moja. Mwisho wa kila pembe kuna mrija mwembamba unaoelekea kwenye ovari. Viungo hivi hujengeka nguruwe akiwa bado tumboni mwa mama yake, na kosa dogo katika ujenzi huo hubaki naye maisha yake yote. Kuna anayezaliwa na pembe moja tu. Huyu anaweza kushika mimba, lakini huzaa watoto wachache, na mwenye banda hudhani kwamba hakulishwa vizuri. Kuna ambaye sehemu ya pembe haikutoboka, hivyo majimaji yanayotengenezwa ndani hukosa njia ya kutokea, na pembe huvimba kama mfuko uliojaa maji. Mwingine mirija yake imeziba pande zote mbili, na mbegu za dume haziwezi kamwe kukutana na mayai.

Kinachowachanganya wafugaji ni kwamba ovari za wanyama hawa mara nyingi ni nzima. Joto linakuja kwa wakati wake, dume anakubaliwa, na kwa nje hakuna dalili yoyote ya ugonjwa.

Je, sindano ya kuleta joto itasaidia?

Haitasaidia hapo. Sindano hiyo ina kazi kwa jike mwenye viungo kamili aliyechelewa kupata joto. Haiwezi kuumba pembe isiyokuwepo wala kuzibua mrija. Vivimbe vingi vikubwa vya maji kwenye ovari, ambavyo huvuruga mzunguko wa joto au kuukatisha kabisa, navyo havina tiba ya kutegemewa kwa nguruwe. Ukizingatia bei ya chakula cha kila siku, ni busara zaidi kumwondoa kwenye kundi la wazazi kuliko kuendelea kumdunga sindano.

Uke wa nguruwe wangu ni mdogo mno na una kinyama kinachochomoza. Hiyo ni nini?

Huenda ni huntha, yaani mnyama mwenye viungo vya jike na vya dume kwa pamoja. Kinyama hicho ni kinembe kilichokua kupita kiasi, na mara nyingi ncha ya uke hutazama juu, kiasi kwamba mkojo huruka kuelekea nyuma. Ndani anaweza kuwa na korodani zilizojificha, au kiungo kilichochanganya ovari na korodani. Hali hii inaweza kurithiwa, kwa hiyo nisingemfanya dada yake kuwa mzazi, na dume aliyewazaa ningembadilisha. (Katika visiwa vya kaskazini mwa Vanuatu, kwenye Bahari ya Pasifiki, nguruwe wa namna hii wamefugwa kwa makusudi, na katika sherehe za mila thamani yao hupita ya nguruwe wa kawaida.)

Majike wadogo wa miezi mitatu wamevimba uke na kuwa wekundu kama wenye joto. Nao wana kasoro?

Hapana, hapa kagua stoo kabla ya kumgusa mnyama. Mahindi na pumba zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumukuvu iitwayo zearalenoni, ambayo mwilini hufanya kazi kama homoni ya kike. Jike mdogo huvimba uke na chuchu, na wengine hujikamua hadi uke au njia ya haja kubwa ikatoka nje. Kwa mkubwa, joto hupotea na mwenye banda huhesabu siku 114 za mimba ambayo haipo. Kuzipika pumba hakuiondoi sumu hiyo. Acha kabisa kuwapa chakula hicho, na uvimbe kwa kawaida hupungua katika wiki chache.

Je, uchafu unaotoka ukeni ni dalili ya kasoro?

Ute kidogo baada ya kupandishwa, au katika siku tatu nne za kwanza baada ya kuzaa, si jambo la kutisha. Usaha unaotoka wiki mbili au tatu baada ya kupandishwa ni dalili ya maambukizi ya mji wa mimba. Mwite daktari wa mifugo, na usimpe dume aliyempanda majike wengine kabla dume huyo hajakaguliwa.

Nyama ya nguruwe mwenye kasoro inalika?

Kasoro ya kuzaliwa haiidhuru nyama, ingawa ya huntha mwenye korodani inaweza kunuka kama ya dume. Penye usaha, mkaguzi wa nyama ndiye mwenye uamuzi. Siku ya kuchinja, vaa glavu, omba mji wa mimba utolewe mzima na uunyooshe mezani: hesabu pembe, tafuta palipovimba au palipokatika, kisha ingiza maji kwa bomba la sindano uone kama yanapita hadi mwisho. Hapo ndipo utajua kama dume alilaumiwa bure.