Konokono wa mchangani hakuondolei kazi ya kusafisha tangi la samaki

"Nimeshaweka konokono, sinyonyi tena uchafu kwa mpira." Kauli hii nimeichoka. Wateja hunipa huku samaki wao wakihema juu ya maji.

Konokono wanayemsema ni Melanoides tuberculata, yule mwenye gamba refu lililochongoka. Mchana hujifukia mchangani, usiku hutoka kutafuta chakula. Kwa kujichimbia huko huugeuza mchanga wa juu, maji yenye oksijeni yakapenya, na mchanga laini haushikamani. Hapo hana mpinzani, nami humpendekeza kwa kila mwenye mchanga laini. Lakini uchafu hautoi nje ya tangi! Akila masalia ya chakula, anakunya palepale. Amonia, ambayo ni sumu kwa samaki, inatoka, bakteria wanaigeuza naitraiti, kisha naitreti, nayo naitreti hujilimbikiza mpaka ubadilishe maji. Kwa hiyo mpira wa kunyonyea na ndoo viko palepale: robo ya maji kila wiki. Wala usirundike mchanga sentimita 10 kwa kumtegemea yeye. Sentimita 3 hadi 5 zinatosha. Ukizidisha kina, huko chini oksijeni haifiki, na masalia yakijikusanya hutoa haidrojeni salfaidi, gesi ya sumu yenye harufu ya yai viza. Ukiwaona konokono wote wamepanda kioo mchana kweupe, huenda maji yameharibika: yapime siku hiyohiyo.

Wengine hulalamika kwamba wanazaliana mno. Ni kweli jike huzaa bila dume, na mmoja anatosha kujaza tangi. Ila wanaongezeka kwa sababu unamwaga chakula kingi. Wape samaki kinachoisha ndani ya dakika 2. Tafadhali usikimbilie dawa yenye shaba: konokono wakifa kwa mkupuo wataozea mchangani, na amonia itawamaliza samaki.

Mimea? Hula mwani na majani yanayooza, mmea wenye afya hawausumbui.  

Halafu kuna hofu ya kichocho. Huku Afrika vimelea vyake hukulia ndani ya konokono wa jamii za Bulinus na Biomphalaria, si huyu. Visiwani Martinique na Saint Lucia, huko Karibi, aliwahi kupelekwa makusudi ili ashindane na Biomphalaria. Hata hivyo hubeba minyoo bapa ya aina nyingine, na ukiingia dimbwini kumtafuta, kichocho unaweza kukipatia humo. Mchukue kwa mfugaji mwenzako.

Waliozidi wagandishe kwenye friza ndipo uwatupe na taka. Usiwamwage mtoni wala mtaroni. Ziwa Nyasa tayari limevamiwa na konokono wa aina hii kutoka Asia, na wanafanana mno na wenyeji wa ziwa hilo hata ni vigumu kuwatofautisha kwa macho.