Bloom bado anauza hisa: mwisho wa The Producers

Kazi yangu ni kukagua hesabu, na kila nikiitazama The Producers, filamu ya Mel Brooks ya mwaka 1967, ninachongojea ni dakika za mwisho kule gerezani. Wengi hukumbuka wimbo wa Hitler. Mimi humkumbuka mhasibu.

Leo Bloom anakuja kukagua vitabu vya Max Bialystock, mtayarishaji wa tamthilia mjini New York aliyekwisha kufilisika. Anakuta pengo la dola 2,000: zilichangwa 60,000, mchezo ukagharimu 58,000. Hapo linamtoka wazo: mchezo ukianguka, hakuna wa kudai faida, na asiyedai faida haulizi fedha zake zilikwenda wapi. Basi wanatafuta tamthilia mbovu kuliko zote, ile ya kumsifu Hitler, na kuwauzia wawekezaji hisa zake hadi asilimia 25,000. Yaani mchezo mmoja umeuzwa mara 250, na kila dola 1 ya faida ni deni la dola 250. Ndiyo maana watazamaji wanapoangua kicheko na mchezo kupendwa, wale wawili wamekwisha. Wanajaribu kuulipua ukumbi kwa baruti, wanakamatwa.

Mahakamani Bloom hagusi hesabu hata kidogo. Anamtetea rafiki yake: kabla ya Max, asema, hakuna aliyewahi kumwita Leo, hata chekechea walimwita Bloom. Nimeiona mara nyingi na bado hunigusa, kwa kuwa ndipo tunapoelewa kwa nini mtu mwoga na mwaminifu kiasi kile aliingia katika wizi.

Kisha gereza. Max anawafundisha wafungwa wimbo wa mchezo mpya, Prisoners of Love. Bloom anapokea fedha na kugawa hisa, kwa wafungwa wenzake na hata kwa mkuu wa gereza. Huyu ndiye aliyeanza filamu akitetemeka, kipande cha blanketi lake la utotoni kikiwa mkononi. Sasa muuzaji ni yeye.

Tamthilia ya muziki ya mwaka 2001, iliyozoa tuzo 12 za Tony, za tamthilia za Marekani, iliwapa msamaha na kuwarudisha Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York. Inafurahisha, lakini naushikilia mwisho wa zamani. Nimekaa na vitabu vya watu waliokamatwa wakarudia, na hivyo ndivyo vinavyosomeka: jina la mradi ni jipya, safu za hesabu ni zile zile. Wafungwa wanaimba, na Bloom anaendelea kuuza hisa kupita asilimia 100.