Samaki mandarini: dhana zinazomuua kwenye tangi la nyumbani

Dhana: Akizoea, atakula chakula cha kawaida.

Hii ndiyo inayoua wengi. Samaki huyu (Synchiropus splendidus), mwenyeji wa magharibi mwa Pasifiki kuanzia kusini mwa Japani hadi Australia, ana urefu wa sentimita 6 au 7 tu, na kinywa kidogo sana. Kutwa anatambaa juu ya mawe: anatazama, anadonoa, anasogea, anadonoa tena. Anachotafuta ni kopepodi, vijidudu vya jamii ya kamba ambavyo kwenye kioo utadhani ni vumbi linalotembea. Chakula cha chembechembe kinampita mbele ya macho asikiguse. Hajui kugombania, na wenzake wenye kasi humaliza kila kitu kabla hajafika.

Tena hafi ghafla. Anakonda wiki baada ya wiki huku rangi ziking'aa vilevile, ndiyo maana mwenye tangi hashtuki. Mwangalie ubavuni: tumbo likiwa limebonyea, njaa hiyo ni ya siku nyingi.

Wapo wanaokubali uduvi wa kugandishwa, hasa waliozalishwa kwenye matangi, ambao walianza kuuzwa Marekani mnamo 2010. Hata hao wanataka kulishwa mara kadhaa kwa siku.

Dhana: Maji yakipimwa na kuwa sawa, mlete.

Maji safi si chakula. Tangi linahitaji mwamba hai wa kutosha (mawe ya baharini yenye viumbe hai) na muda, walau miezi sita, na mwaka ni bora zaidi, ili kopepodi wazaliane. Kwenye tangi dogo anaweza kuwamaliza upesi kuliko wanavyozaana. Kwa maoni yangu, kijitangi cha pembeni chenye mwani, ambako vijidudu huzaana bila kuliwa, ni cha lazima, si pambo.

Dhana: Anasafisha tangi.

Hapana. Hali mwani, anawinda vilivyojificha ndani yake.

Dhana: Ute wake humkinga na kila ugonjwa.

Kweli hana magamba, na ute wake mzito, mchungu, wenye harufu mbaya huwafukuza maadui. Vimelea vya madoa meupe humpata kwa nadra kuliko samaki wengi, lakini humpata. Karantini, yaani kumtenga kwanza kabla ya kumchanganya na wengine, bado inahitajika.

Dhana: Bluu yake ni mchezo wa mwanga.

Kwa wanyama wengi wa bluu ndivyo ilivyo. Huyu ni wa ajabu kweli: ana rangi halisi ya bluu ndani ya seli zake, jambo lililothibitishwa kwa wanyama wachache mno wenye uti wa mgongo.

Dhana: Wawili wowote wataishi pamoja.

Madume wawili hupigana, hata kuuana. Dume utamjua kwa mwiba mrefu wa mbele kwenye pezi la mgongoni. Dume na jike walioshiba huinuka pamoja jioni, ubavu kwa ubavu, na kutaga katikati ya maji, hata nyumbani.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji amlishe mbele yako. Asipodonoa, mwache.