Sejem: kitenzi chenye sikio la ng'ombe

Mtoto akiambiwa "wewe husikii!", anajua masikio yake hayana kasoro. Kosa lake ni ukaidi. Wamisri wa kale nao walikuwa na kitenzi cha namna hiyo: sejem, "kusikia".

Katika maandishi yao ya picha, neno hili huandikwa kwa sikio na bundi. Sikio lenyewe ni la ng'ombe, wala si la mtu. Peke yake linatosha kusomeka s-j-m. Bundi ni herufi m, kawekwa hapo kumthibitishia msomaji neno linavyoishia. Irabu hazikuandikwa, kwa hiyo hizo e mbili tumezichomeka sisi ili neno litamkike. Bahati nzuri Wakristo wa Misri, Wakopti, waliendelea kuitumia lugha hiyo wakiiandika kwa herufi za Kigiriki pamoja na irabu zake. Wao walisema sotm. Na kumtii mtu? Sotm nsa, yaani "kusikia nyuma yake".

Maana hiyo ya utii ni ya zamani mno. Katika mafundisho ya Ptahhotep, mzee mwenye hekima wa Misri ya kale, yaliyohifadhiwa kwenye papiri (karatasi ya mafunjo) iliyoko Paris, sehemu ya mwisho inakirudia kitenzi hiki sentensi baada ya sentensi, hadi msomaji wa leo anaweza kuchoka. Mzee anasema moyo ndio unaomfanya mtu awe msikivu au asiwe. Sijapata tafsiri bora kuliko neno letu hilo, msikivu.

Huko Deir el-Medina, kijiji cha kale ng'ambo ya mto Naili kutoka mji wa Luxor, mafundi waliochonga makaburi ya wafalme walikuwa na cheo cha sejem-ash, "msikia mwito". Usidhani walikuwa watu wa kuitikia tu. Mwaka wa 29 wa utawala wa Ramses III, posho ya nafaka ilipochelewa, wasikia mwito hao waliweka zana chini, wakatoka kijijini na kwenda kukaa kando ya mahekalu mpaka walipwe.

Kitenzi kilielekezwa juu pia. Mungu Ptah aliitwa "asikiaye maombi", na watu walimpelekea vibao vya mawe vilivyochongwa masikio: mawili kwenye kibao kimoja, kadhaa kwenye kingine, na vingine vimejaa masikio safu kwa safu.